Ukuta wa Saruji Nzuri

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mbombo, mwanangu, wewe niliyekupa jina la mama yangu,

Nimechana kurasa hizi katikati ya daftari lako jipya, lile ulilonunua kwa ajili ya kazi. Utanisamehe, mwalimu. Katika nyumba hii hakuna karatasi nyingine yenye mistari, na mkono wangu ukikosa mistari unapanda mlima.

Wewe na mama yako mmekwenda kuaga watu wa kanisa, na najua hawatawaachilia mpaka mmekula. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Treni ya upande wa Dilolo, ya kukupeleka Kisenge kufundisha, ni kesho asubuhi. Habari za safari mama yako amezisema zote, nyingine mara mbili: maji ya kuchemsha, chumvi, mtu wa kukupokea Kisenge, namna ya kukaa juu ya sanduku ili lisitembee lenyewe. Hapo sina cha kuongeza. Jambo langu ni moja, na nimelibeba wiki tatu bila kulitua.

Nyumba hii nimeiuza.

Nimeandika haraka ili nisigeuke. Mama yako anajua, ila naye alijua baada ya mimi kutia sahihi, na hilo nitalifikia. Aliniambia, "Wacha mutoto atoke ku nyumba ya baba yake. Akisha kufika kule, utamuandikia." Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi. Kisha jana ulisukuma katoni ya vitabu vyako chini ya kitanda, ukaniambia, "Papa, hii mutu asiiguse, nitaikuta." Nikajibu, "Utaikuta." Nilikuwa nakutazama machoni. Katika umri wangu huu nimekwisha kusema uongo kwa maforomani wa kazi, kwa mapadri na kwa mama yako, lakini ule wa jana ndio ulionikalisha hapa na daftari lako.

Aliyenunua ni Amisi, jirani yetu mwenye malori. Anataka kuunganisha kiwanja chetu na chake, apate mahali pa kugeuzia magari. Usimchukie kabla hujafika mwisho. Mimi mwenyewe nilimchukia kwa muda, na nilikuwa na makosa.

Nilipofika hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulitoka Kasai behewa zima, vijana watupu, kila mmoja na blanketi la kampani ya migodi. Kalala ndiye aliyekaa kando yangu njia nzima, akala viazi vyangu vyote nilipolala, akaniambia nyani ameingia dirishani. Tulipewa nyumba mbili zilizokaribiana katika mtaa huu, ambao wakati huo ulikuwa kambi ya wafanyakazi. Milango yote rangi moja. King'ora kimoja kiliamsha watu wote, na posho ilipimwa siku moja kwa wote. Katikati yetu mimi na Kalala kulikuwa na lupango, yaani kiwanja, ya Muteba, yule Mlunda aliyekuwa anarudi kwao Dilolo kila likizo na kuleta samaki wakavu.

Baadaye kampani ilituachia nyumba, zikawa zetu kwa karatasi. Lakini midomo yetu haikubadilika. "Unaikala wapi?" "Ku kambi." Neno hilo limenisumbua sana siku hizi. Kambi ni mahali pa kulala ukingoja kuondoka. Ulipokuwa mdogo, hujaanza shule bado, uliniuliza kwetu ni wapi, nikakuonyesha kidole upande wa reli, upande wa kijiji ambacho wewe hujakiona na ambacho mimi sikukiona tena tangu nilipoondoka. Hata habari ya kifo cha mama yangu niliipata kwa barua. Ukaniuliza tena, "Na hapa ni kwa nani?" Nikacheka. Nikasema, "Hapa? Hapa ni kazi."

Sikuwa peke yangu. Kila baba katika mtaa alimjibu mtoto wake hivyo: Mluba kwa njia yake, Mbemba kwa njia yake. Ndiyo maana, walipoanza kuja watu wa malori na watu wa ofisini kutafuta nyumba karibu na soko na lami, hakuna aliyekataa. Mtu anaona vibaya kuuza kwao. Sisi tulikuwa tunauza kambi. Muteba aliuza wa kwanza. Akafuata yule mama aliyeuza kinywaji cha munkoyo, akafuata mpishi wa zamani wa nyumba ya wageni. Nyumba mbili zikawa moja, kisha ukawekwa mlango wa chuma, kisha gari. Robine ya maji ya pamoja mliyokuwa mnapigania zamu na ndoo zenu ikang'olewa, kwa sababu wapya walivuta bomba hadi ndani, na waliobaki tukaambiwa tufanye vivyo hivyo. Watu wa mtaa wakaanza kusalimiana kwa honi.

Kiwanja cha Muteba kilikwenda kwa Amisi. Na Amisi, alipouliza nani fundi wa matofali, akaonyeshwa mimi.

Wewe unajua kazi yangu ya siku ni kule mgodi wa Mashamba, na matofali ni kazi ya mapumziko. Lakini hujui ninavyoipenda. Mgodini nimechimba miaka yote hii, na nilichoacha ni shimo. Tofali likikaa, linakaa. Amisi alitaka ukuta pande zote mbili, kwetu na kwa Kalala, mrefu kupita kichwa cha mtu, na chupa zilizovunjwa juu. Akaleta saruji nzuri, mifuko mikavu isiyochanganywa na majivu. Nilikuwa sijaishika saruji ya namna ile kwa miaka. Nilijenga kwa timazi na uzi, polepole, kama mtu anayekula nyama.

Ili kujenga, ilibidi kung'oa minyaa. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka unielewe vizuri, kwa sababu kule Kisenge labda hawajui mambo haya.

Kabla ya kuta, uzio wetu ulikuwa ile minyaa yenye maziwa meupe, inayochoma macho. Wewe ulipigwa kwa kuichezea. Mtu akifa katika mtaa, hakuna aliyengoja kuombwa: wanaume wa lupango jirani walikata minyaa ya upande wao, viwanja viwili vikawa kimoja, au vitatu, au vinne, kulingana na ukubwa wa kilio. Mikeka ilitandikwa, moto ukawashwa, watu wakapita kutoka nyumba hadi nyumba bila kutoka njiani. Kilio kikiisha, vijiti vilevile vilivyokatwa vilichomekwa tena ardhini, na mvua ikinyesha vikashika. Hata tulikuwa tunasema hivyo. Ukisikia mapanga asubuhi, huulizi nani amekufa. Unauliza, "Kwa nani banakata minyaa?"

Kalala alikuwa anabeba kiti chake kuja kunitazama nikijenga. Alikuwa amekwisha kupumzishwa kazi kwa ajili ya kifua, hana la kufanya.

"Weye Kabeya, ni lupango hii ao ni gereza?"

"Ni kazi."

"Na siku nikufe, bantu batapita wapi? Batapita mu hewa?"

"Weye hautakufa. Uko na kichwa nguvu."

"Acha hata fasi ya kamulango kadogo."

"Mwenye lupango hakuomba mulango."

"Basi umuombe weye! Si anakuletea chai kila siku?"

Ni kweli. Amisi alikuwa ananiletea chai mwenyewe, mkononi, yenye tangawizi, na anakaa juu ya mfuko wa saruji kunisikiliza nikieleza kwa nini kona inaanza kwanza. Ningeweza kumwambia habari ya minyaa katika kikombe kimoja. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba yeye ni mgeni, mtu wa Maniema, Mwislamu, mfanyabiashara, atakaa miaka miwili atauza, ana haja gani na vilio vyetu? Mimi ndiye niliyesema hivyo, mimi niliyeshuka behewani na blanketi la mtu mwingine.

Kalala alikufa mvua za mwaka jana. Wewe ulikuwa shuleni Likasi, ukapata habari tu kwamba tulimzika. Sasa nitakuambia tulivyomzika.

Asubuhi wanaume walikuja na mapanga, kama kawaida. Walikuja kwa miguu yao, bila kufikiri, mpaka walipofika kwenye ukuta. Wakasimama. Nilikuwa kati yao. Ilunga, tunayefanya naye kazi Mashamba, akapapasa matofali kwa kiganja, akanigeukia.

"Tata Kabeya, hii ukuta ni mukono yako. Utuonyeshe fasi yenye iko lege-lege, tupitishe bantu."

Nikamjibu, "Haina fasi ya lege-lege."

Mungu anisamehe, Mbombo, kulikuwa na majivuno katika sauti yangu. Rafiki yangu amelala ndani, mkewe analia, na mimi nilisikia vizuri kwamba ukuta wangu hauna mahali palipolegea.

Nyundo yangu ilikuwa ndani ya nyumba hii, nyuma ya mlango. Hatua ishirini. Ilunga aliniuliza kama ninayo. Nikasema mwenye mali yuko Lubumbashi, tumngoje, hatuwezi kuharibu kitu cha mtu. Tukagonga lango la chuma, mlinzi akasema bila patron hafungui. Kwa hiyo kilio kikakaa kwa Kalala, kiwanja kidogo kile, na waliobaki wakakaa barabarani. Alasiri mvua ikaja. Kina mama wakajifunika turubai moja. Hapa kwetu mama yako alipika chungu kikubwa, na ilibidi akibebe kupitia njia kubwa, azunguke, akanyage matope, afike na sombe, kisamvu chetu, yenye maji ya mvua. Bwana mmoja wa wale wapya wa juu, mwenye gari jeupe, alitaka kupita. Akapiga honi. Akapiga tena. Wazee wakanyanyua viti vyao wakampisha, mmoja akasema, "Pita, sitwayeni, bwana mwananchi, pita. Maiti si yako." Watu wengine wakacheka. Mama Kalala, mjane wake, hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Siku ya tatu Amisi alirudi. Alipoambiwa, hakuingia kwake kwanza. Alikuja hapa, akavua kofia mlangoni.

"Tata Kabeya, kwa nini hukubomoa?"

Nikamwambia ni mali yake.

"Mali? Ni matofali, Tata. Ungebomoa, nami nikirudi ungenijengea tena. Kwetu Kasongo mtu akifa tunang'oa hata mlango. Mimi nimekaa hapa nikifikiri nyinyi ndio hamtaki tuingiliane. Hakuna aliyeniambia habari ya minyaa. Nimekunywa chai na wewe siku zote zile, hukuniambia."

Alikuwa amekasirika kweli. Kisha akaenda kwa Mama Kalala na gunia la mchele, akakaa chini pamoja na wanaume mpaka jioni. Baada ya siku hiyo sikuweza tena kumweka kwa upande wa maadui. Ilinibidi nitafute mwingine, na niliyemkuta ni mimi.

Mama Kalala aliuza kabla mvua hazijaisha. Amehamia nje ya mji, ng'ambo ya lile lundo kubwa la udongo wa mgodi, ambako wengi wa mtaa wetu wamejikuta. Hakuna umeme huko. Maji ni ya chemchemi. Nyumba ni za matofali mabichi, na nyingi nimezijenga mimi siku za mapumziko, ndiyo maana Jumapili nyingine mlikuwa hamnioni. Sikuwaambia ninakwenda wapi. Kule wananiita kwa jina. Hapa, juzi, mlinzi mpya wa nyumba ya kona aliniuliza ninamtafuta nani, nami nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wangu.

Kando ya Mama Kalala kulikuwa na kiwanja kimebaki. Jumanne moja nimetoka kazini, vumbi la Mashamba bado liko masikioni, nikapita kwa Amisi, nikamwambia chukua nyumba. Nikatia sahihi mezani kwake. Nilipofika hapa mama yako alikuwa anatwanga sombe. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kama mtu anayeleta habari za mpira. Akaacha mchi ndani ya kinu.

"Kabeya. Na miye niko nani humu? Mupangaji?"

Huyu mwanamke alipaka kuta hizi chokaa kila mwaka akiwa na ninyi mgongoni na tumboni. Miguu yake imevimba, unaijua, na mimi nimemchagulia chemchemi. Tangu siku ile ananiambia chakula kiko tayari, ananiambia viatu viko wapi, basi. Wewe ulidhani amenuna kwa sababu unaondoka.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Nikisema nimewafuata watu, ni kweli. Naogopa kufa hapa na kuzungukwa na watu wasiojua kwamba nimekufa. Lakini pia kila asubuhi nikifungua dirisha naona ukuta ule, umenyooka, hauna hata ufa, na natamani kuwa mbali nao. Sijui ni kipi kina nguvu zaidi. Mtu akitaka kuuza nyumba ya mke wake na watoto wake, angalau ajue.

Wewe kesho utakuwa mgeni. Watakuuliza kwenu ni wapi, na mimi sijakupa jibu zuri la kuwapa. Kwa jina ni Kasai, kwa kuzaliwa ni hapa, na hapa nimekwisha kutia sahihi. Sina la kukufundisha juu ya hilo. Ninachokuomba ni kidogo tu: ukifika, usingoje wakuone wa kudumu ndipo uulize mambo yao. Uliza mapema. Uliza mtu akifa kule wanafanya nini, nani anapika, mlango gani unafunguliwa. Watakucheka, mwalimu kijana anauliza vifo siku ya kwanza. Acha wakucheke. Na akija mwingine baada yako, mkalishe, mwambie, hata kama unadhani hatakaa. Mimi nilinyamaza nikiwa na kikombe cha mtu mkononi.

Sasa lililobaki. Nilipotia sahihi, Amisi alinitazama, akaniuliza, "Watu wa nyumba wamekubali?" Nikasema ndiyo. Hakuniamini. Akasema, "Karatasi itakaa kwenye droo yangu. Nitaipeleka ku biro ya zoni ipigwe muhuri ile Jumatano baada ya mwanao kusafiri. Mpaka hapo ni karatasi tu, Tata. Kaongee nao." Fedha pia hajanipa, kwa sababu hiyohiyo. Jumatano hiyo ni ya wiki hii inayoanza.

Mama yako amenionyesha mahali pa kuweka barua hii, chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitenge cha kijani, uikute Kisenge. Sitaiweka huko. Mkiingia tu nitakupa mkononi. Ukiisoma kule utalia peke yako, kisha utaniandikia kwa heshima kwamba papa umefanya vema, kwa maana ndivyo nilivyokulea, na jibu lako litafika karatasi ikiwa imekwisha kupigwa muhuri. Nimekwisha kuamua peke yangu mara moja.

Kwa hiyo soma, kisha toka. Nitakuwa nimekaa nje mlangoni, na mama yako nitamwomba akae nasi hata kama atanigeuzia mgongo. Mkisema nisiuze, kesho nikitoka stesheni nitapita kwa Amisi, naye atachana karatasi. Mkisema niuze, nitauza, lakini tutakuwa tumeuza watatu. Mkiniambia maneno makali, nitayasikiliza mpaka mwisho. Unayo haki, na mama yako anayo zaidi. Ila usinyamaze kwa adabu, Mbombo. Treni ni kesho. Leo sema.

Baba yako,
Kabeya